Mgongo kwa Jiwe

Godoro la kupigia picha lilikuwa la baridi kiasi cha kunikata pumzi. Nikamwambia Dokta Tumwagile kwamba hospitali nzima ya Ilindiwe ina joto la kuotesha maharage, isipokuwa hapo tu wanapolazwa watu wasio na nguo.

"Pole, mama," akasema akicheka kwa adabu. "Nikilipasha moto picha zinakuwa na ukungu. Tulia kidogo, vuta pumzi."

Nikavuta. Godoro likanguruma chini yangu, na ukutani vikaanza kutokea vitu vya ndani ya mwili wangu kwa rangi kali za khanga: ini, bandama, matumbo yamejikunja. Mimi ni fundi wa masweta. Nimegeuza nje ndani masweta ya mji huu wote, lakini sikuwahi kuona upande wangu wa ndani, kwa hiyo nilikodoa macho kwa raha kabisa. Nilikwenda kwa sababu ya damu niliyoiona chooni, nikidhani ni mchango tu wa uzee. Kisha nikaona dokta ameacha kucheka.

"Mama Enesia, nyumbani unakaaga wapi?"

"Wewe si unapajua kwangu? Ulikuja kwenye arusi ya Enesia ukala mpaka ukafungua mkanda."

"Nauliza ndani, mama. Ukiingia ndani, unakaa upande gani?"

"Jiweni, penye joto. Nikae wapi tena? Si ndiyo nyumba yangu?"

Alikuza picha mpaka figo yangu ya kushoto ikajaa ukutani, na mle ndani nikaona donge. Sikuhitaji kuelezwa. Mtu aliyezoea kusaka fundo lililokosewa kwenye sweta hulitambua papo hapo.

"Ni uvimbe," akasema. "Na ninavyouona, ni saratani. Ila bado umo ndani ya figo, haujatoka kwenda kwingine. Tutaitoa figo hiyo, ubaki na moja. Wengi wanaishi vizuri na moja."

Watu husema ukipewa habari kama hiyo masikio huziba. Yangu hayakuziba. Yalisikia kila kitu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kifuani, kwenye kidani. Sisi wote wa Ilindiwe tunavaa kidani, na watoto huvikwa wakiwa wachanga, tone la kioo linalopima mionzi ya mawe. Kikiwa kijani uko salama, kikiwa cha njano uende hospitali, kikiwa chekundu usilale ndani ya nyumba hiyo. Changu kilikuwa kijani kibichi, jinsi kilivyokuwa siku niliyovikwa.

"Sasa hiki kinasema nini?" nikamwuliza.

Dokta akavuta kiti akakaa karibu, tena akapunguza sauti ijapokuwa tulikuwa wawili tu. "Geuka, mama." Akaniwekea kiganja mgongoni, chini kidogo ya mbavu za mwisho. "Figo ziko hapa. Nyuma, karibu na ngozi kuliko watu wanavyodhani. Ukikaa jiweni unaegemeza nini?"

"Mgongo."

"Na kidani unakivaa wapi?"

Mkono wangu ulikuwa bado kifuani.

"Mionzi inatoka jiweni, inapita mgongoni, inapita kwenye figo, na nyama ya mwili wako inainywa njiani. Ikifika kifuani imechoka. Kidani kinapima hiyo iliyochoka. Hakidanganyi, mama, kinasema ukweli wa kifua. Hakijui habari za mgongo. Ni kidogo kwa siku moja, hata wiki moja haina neno. Lakini wewe umekaa hapo tangu uolewe."

Nikamwuliza kama ana hakika kuwa donge limetoka jiweni. Akatikisa kichwa.

"Kwako wewe mmoja siwezi kuapa. Saratani ya figo ina mengi yanayoileta, sigara, presha, unene, na nyingine inakuja bila sababu tunayoijua. Lakini nimepiga picha mji mzima. Wanaougua sana ni wanawake wenye nyumba na wazee wa heshima. Wale wanaokalishwa jiweni. Wachukuzi wa stendi na vijana wanaokaa mlangoni hawana." Akazima picha ya ukutani. "Mama, mimi nilidhani mzee amekueleza."

"Mzee yupi?"

"Baba Enesia. Alipita hapa kabla ya mavuno, nikamwonyesha picha zote. Akasema anajua. Akasema ataongea na wewe."

Nikavaa nguo zangu. Nilivaa blauzi nyuma mbele na dokta hakunirekebisha.

*

Inabidi niseme kidogo habari za mawe, maana wenye kukaa mabondeni huwa hawaelewi kwa nini watu wenye akili timamu waweke kitu cha namna ile sebuleni.

Ilindiwe kuna sakitu. Asubuhi za kipupwe unakuta maji ya ndoo yana ngozi ya barafu. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunawasha kuni ndani ya nyumba milango imefungwa, tunalala ndani ya moshi, na kila kipupwe tulizika watoto wa kifua. Misitu ya milanzi iliisha kwa mashoka. Ndipo Shirika la umeme likaja na mawe. Ni masalia ya mitambo ya umeme wa nyuklia ya pwani, yamechomwa yakawa kigae kigumu, yakafungwa ndani ya chuma, kila moja ukubwa wa debe. Hayawaki wala hayatoi moshi. Yana joto tu, na joto lenyewe linakaa mpaka unazeeka. Mume wangu, Lwitiko Msigwa, ndiye mhandisi aliyeyapandisha huku akiwa kijana, na ndiye mkuu wa mawe mpaka leo. Watu wanamwita Bwana Mawe, na mimi wakaniita mama lao, kwa utani, na sikukataa.

Yalipoletwa yalizikwa chini ya sakafu. Juu yake palikuwa na kifuniko cha madini ya risasi, na joto lilipanda polepole. Watu wetu wakasema hapana, moto hauzikwi. Kinachozikwa ni maiti. Nyumba ya mtu lazima mgeni akiingia auone moto, akalishwe mgongo kwa moto, hapo ndipo ajue amekaribishwa. Kipupwe cha kwanza hakikuisha kabla kila nyumba haijafukua jiwe lake, ikatupa kifuniko, ikajenga kibaraza cha udongo kulizunguka. Hapo ndipo kilipozaliwa kiti cha jiweni. Mgeni wa heshima anakalishwa hapo, na mzazi, na mwenye nyumba. Ukikaribishwa jiweni ukakataa, umemwambia mwenyeji kwamba nyumba yake ina uchawi. Hata mahasimu hawakatai.

*

Nilifika nyumbani mchana mweupe, nikawakuta wote wapo. Binti yangu Enesia alikuwa amekuja kwangu kujifungua, na sasa alikuwa jiweni, mgongo umeegemea kigae chenye joto, mtoto ananyonya. Ndivyo tunavyofanya. Mzazi hukaa hapo mpaka kiuno kifunge na maziwa yashuke. Mimi mwenyewe nilimtandikia mto.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, amevaa koti.

Nilisimama nikaitazama sebule yangu. Tangu Enesia hajazaliwa mwanamume yule amekaa mlangoni. Nilikuwa namtania, "Baba Enesia, kwani wewe umeajiriwa ulinzi?" naye husema anasikia joto. Nami nikaamini kwamba ananiachia mahali pazuri. Nilijisifu kwa wenzangu sokoni, nikawaambia nyie mna waume, mimi nina mstaarabu. Nilikaa hapo na sindano zangu na uzi wangu asubuhi mpaka jioni, sweta baada ya sweta, naye ananitazama kutoka mlangoni.

"Enesia, inuka hapo."

"Mama, ndiyo kwanza ananyonya…"

"Inuka nimesema. Nenda chumbani, jifunike mablanketi, na usirudi hapa."

Enesia akamtazama baba yake. Baba yake akatazama sakafu. Mtoto wangu si mjinga, akainuka na kichanga chake bila neno la pili, akapita katikati yetu.

"Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajaelewa, na kwa hilo nampa haki yake. "Kabla Enesia hajazaliwa," akasema, akionyesha kwa kidevu mlango alioingia.

Akanieleza. Alikuwa akikagua nyumba kwa nyumba, wakamkalisha jiweni, na siku hiyo kidani kilikuwa kimezunguka nyuma ndani ya koti. Alipokivuta alikuta ni cha njano, na chai aliyopewa hajaimaliza. Alikwenda makao makuu ya Shirika akawaambia wakubwa. Wakamwuliza, kikivaliwa kifuani kinasomaje? Akasema kijani. Wakasema basi sheria imetimia.

"Na mimi? Mimi nilikuwa makao makuu gani?"

"Mama Enesia, wewe una mdomo. Ningekwambia asubuhi, jioni soko zima lina habari."

"Ndiyo! Mungu alinipa mdomo wa kazi gani?"

"Wote wangeyatupa mawe kwa siku moja!" Sasa naye alisimama. "Wangerudi kwenye moshi. Umemsahau Tulizo?"

Tulizo alikuwa mdogo wangu. Alifia mapajani mwangu, kifua kinapiga filimbi, nje kuna sakitu na ndani moshi umejaa mpaka hatukuonana nyuso. Sikutegemea kama mume wangu angelichomoa jina lile nyumbani kwangu kunipigia nalo.

"Usimtaje."

"Namtaja. Kila nyumba ilikuwa na Tulizo wake. Jiwe limekuja, makaburi madogo yamekoma. Nilipima, mama Enesia. Moshi unaua watoto wengi, jiwe linaua wazee wachache, tena pengine. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Ukapima, ukaniweka mimi kwenye hiyo nusu."

"Sikukuweka…"

"Wewe mwenyewe umekaa mlangoni! Ungekaa na mimi hapo jiweni ningekuelewa. Ningesema mume wangu ni mjinga, au ni shujaa, lakini tuko pamoja. Kwa nini hukunihamisha mimi peke yangu? Ungetunga uongo wowote. Ungesema kibaraza kimepasuka!"

Akakaa tena kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa sababu walikuwa wanakutazama wewe. Mke wa Bwana Mawe. Siku ungehama kwenye kile kiti, mji mzima ungehama."

Nimewahi kuibiwa dukani, nimewahi kusengenywa na ndugu, lakini sijawahi kuumia namna ile. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami nilikuwa nimeishona mwenyewe nguo ile. Sikuwa mke katika nyumba ile. Nilikuwa tangazo. Alinikalisha pale watu waone kwamba jiwe halina neno, na usiku akaja kulala kando yangu akaniuliza kama mgongo bado unauma, akanisugua na mafuta ya mkaratusi.

"Donge ni kubwa?" akaniuliza.

"Kamwulize dokta. Si mnaonana?"

Akafunika uso. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, na sikuyataka. Kisha kutoka ndani ya viganja akaniomba jambo. Kesho yake ilikuwa Siku ya Kukalia, siku ya kufungua kipupwe, na mawe mapya yalikwisha kufika, yenye joto kuliko ya zamani. Mke wa Bwana Mawe ndiye hukaa wa kwanza uwanjani, watu ndipo huchukua yao. Akaniomba nikae mara moja tu. Mara moja haidhuru. Baada ya kipupwe angetafuta namna ya kuyarudisha chini ya sakafu, polepole, bila kuwatisha watu.

"Yakirudi chini joto linapungua nusu," akasema. "Sakitu imekaribia. Mjukuu wako ana umri gani?"

Nikaenda chumbani. Enesia alikuwa amejifunika mablanketi yote, na hata hivyo nyayo za mtoto zilikuwa za baridi. Nilizitia kwapani mwangu zikapata moto kidogo kidogo. Hapo ndipo hasira iliponiwia ngumu, kwa sababu kuhusu baridi mwanamume yule hakuwa anadanganya. Nikisema, huenda kipupwe hiki kikaondoka na mtoto wa mtu. Nisiposema, wale wanawake wangeendelea kukaa, mmoja mmoja wangekwenda kwa Dokta Tumwagile kuulizwa nyumbani wanakaa upande gani.

Enesia akaniuliza, "Mama, kuna nini?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Angetuuliza basi. Pengine tungekubali."

*

Uwanja ulijaa asubuhi mapema, pumzi za watu zinatoka kama mvuke wa sufuria. Jiwe jipya lilikuwa katikati, wamelijengea kibaraza cha udongo mbichi na kukipamba kwa majani ya milanzi. Bibi Yelida, mwanamke mkongwe kuliko wote Ilindiwe, ndiye aliyeshika fimbo ya kuongoza nyimbo. Alikuwa amefungwa shuka kiunoni, na nilijua kwa nini. Alikwisha kunilalamikia maumivu ya kiuno, nami nikamshauri akae zaidi jiweni.

Lwitiko alihutubia. Alisema vizuri, kama siku zote. Kisha akaniita.

Nilitembea mpaka kwenye kibaraza. Joto lilinijia tumboni kutoka mbali na, Mungu anisamehe, lilikuwa tamu. Nikawageukia watu.

"Kamwene!"

"Kamwene!" wakaitikia.

"Mnanijua, mimi ni mtu wa maneno mengi, leo nina machache." Wakacheka. "Tangu niolewe nimekalia kiti hiki. Mume wangu alinipisha kila siku, yeye akakaa mlangoni penye baridi. Miaka hii yote hamjamwona amekaa jiweni, si kwangu wala kwenu, nanyi mkamsamehe kwa kuwa ni Bwana Mawe. Leo nataka nimrudishie heshima yake. Baba Enesia, karibu. Kaa wewe wa kwanza."

Vigelegele vikapanda mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Wanawake walinipenda kwa hilo, wakaanza kumwimbia wimbo wa bwana arusi. Yeye alinitazama, nami nikamtazama. Nilimwomba moyoni akae. Nasema kweli. Angekaa, ningejua angalau yuko tayari kuweka mgongo wake pale alipouweka wangu, na pengine ningenyamaza, na dhambi ingekuwa yetu wawili.

Alikuja. Alipiga hatua zake hadi kwenye kibaraza, akageuka, akashika ukingo wa udongo kwa mikono miwili, akainama kukaa. Magoti yalikunjwa. Wimbo ukafika pale panapopigwa makofi. Akabaki ameinama hivyo, hakai wala hainuki, jasho linamtoka katika baridi ile. Kisha akasimama wima.

"Siwezi," akasema.

Wimbo ulikatika upande wa mbele kwanza, nyuma wakaendelea kidogo kwa kutojua. Bibi Yelida akasogea, fimbo mkononi, akamtazama kwa macho yake yaliyoharibiwa na moshi wa zamani.

"Huwezi nini, Bwana Mawe?" akamwuliza. "Mbona sisi tumeweza?"

Nilidhani ataleta maneno ya makao makuu, takwimu, sheria. Hakuleta. Aliwaambia kwamba jiwe lilikuwa la kukaa chini ya sakafu na kifuniko juu yake. Akawaambia lina mionzi inayoingia mgongoni na kuchoma figo taratibu kwa miaka mingi, si kila mtu, lakini baadhi. Kidani hakioni, kwa sababu kiko upande mwingine wa mwili. Akakiri kwamba alijua. Msiyatupe, akasema, moshi ni mbaya zaidi, yarudisheni chini, joto litapungua, tutashona mablanketi, Shirika lilete mengine. Na mpaka hapo, msiegemee tena. Sogeeni. Hatua chache zinatosha.

Uwanja mzima watu walikuwa wamepeleka mikono nyuma, wamejishika viuno. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alianza kulia, mwingine akamwuliza jirani yake mama yake alikufa na nini. Bibi Yelida aliitupa fimbo chini akasema, "Kumbe."

Watu wakamzunguka Lwitiko, na wengine walinipungia mikono niende nikasaidie kuuliza. Sikwenda. Nilikuwa nimesimama palepale kando ya kibaraza na hasira yangu ileile. Nilidhani siku akisema nitapoa. Nilikuwa nimesikiliza kila neno nikingoja lile gumu, lile lililomshinda kunitamkia chumbani maisha yetu yote, na halikuja. Yalikuwa maneno mepesi. Bibi Yelida, ambaye hajui kusoma, aliyaelewa kabla hayajaisha.

Na mimi hakuhitaji kunipa hata hayo. Hakuhitaji kunieleza mionzi, wala figo, wala siri za wakubwa wake. Siku yoyote ile angepita na kikombe chake cha chai akaniambia, mama Enesia, hebu sogea kidogo. Pamoja na mdomo wangu wote huu, ningesogea. Nisingemwuliza hata sababu.